Shahidi wa Askari

Kijijini kwetu, upande wa barabara iendayo Navakholo, walikuwepo wanaume wengi waliowahi kuvaa sare, lakini ukisema Askari tu, kila mtu alijua unamsema nani. Watoto wake waliitwa watoto wa Askari na ng'ombe wake wakaitwa ng'ombe wa Askari. Hata serikali mpya ilipomvua kofia na mshipi, jina hilo hakuna aliyemvua.

Mara ya kwanza kumwona, alikuwa akimpiga mume wangu. Mimi nilikuwa bado bibi arusi, nimekaa uani nachambua majani ya kunde. Askari aliingia bila kubisha hodi, akauliza risiti ya kodi. Mume wangu alipofungua mdomo ajieleze, rungu lilimshukia katikati ya mabega, akaanguka kwa magoti. Pigo la pili lilimpata sikioni. Damu ilimwagika, ikalowesha kola ya shati alilolivaa siku ya harusi yetu. Kisha Askari akanigeukia, akaniona nimekumbatia ungo kifuani, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Usiogope, mama. Wewe hudaiwi kodi." Akaokota kofia yake iliyoanguka, akaipangusa vumbi, akaondoka.

Tangu siku hiyo mume wangu hakusikia tena kwa sikio lile.

Alikuwa askari wa chifu, wale tuliowaita askari kanga. Kazi yao ilikuwa kukusanya kodi, kuwatoa wanaume majumbani wakachimbe barabara, na kuvamia wanawake waliopika pombe. Wenzake waliweza kuzungumza na watu. Ukimshika jogoo na kumwambia, "Afande, chukua ingokho hii uende ukale na watoto," afande alikohoa kidogo, akapita. Huyu wetu hakupokea kitu. Hakupokea kuku, wala chai, wala kiti cha kukalia. Watu walimchukia zaidi kwa sababu hiyo. Kwa wenzake ungeweza kuiokoa ngozi yako. Kwake hukuwa na pa kushika.

Wala hakupiga kwa hasira. Mtu mwenye hasira hupiga popote, lakini Askari alichagua mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi: kifundo cha mkono, muundi, mtulinga. Alipiga, akangoja kidogo aone kama inatosha. Ukimlaani alikujibu kwa upole, "Mimi sipigi mtu. Napiga kosa." Vijana sokoni walikuwa wakimwigiza kwa maneno hayo, lakini baada ya kuhakikisha kwamba hayuko karibu.

Ng'ambo ya kijito aliishi mjane aitwaye Muhonja, ambaye alipika pombe ya busaa ili watoto wake wapate kusoma. Askari alimvamia siku ya soko, saa sita mchana, wanywaji wakiwa wamejaa. Alipotokea kwenye shamba la migomba wote walikimbia, wengine wakaacha viatu. Askari akaanza kumwaga mitungi mmoja mmoja. Alipofika kwenye chungu cha mwisho, Muhonja alisimama mbele yake, akaweka mkono wa kulia juu ya mdomo wa chungu.

"Hiki hapana," alisema. "Hiki ni cha karo."

"Toa mkono, mama."

Hakuutoa. Rungu lilishuka, chungu na mkono vikavunjika pamoja. Mfupa ulichomoza juu ya kifundo. Muhonja alituambia baadaye kwamba hakupiga kelele kwa sababu aliutazama ule mkono akaona kama ni wa mtu mwingine. Askari alimvua kitambaa cha kichwa, akaufunga mkono huo yeye mwenyewe, vizuri kabisa, kisha akamfunga kamba kiunoni, akamvuta hadi kambi ya chifu. Nilikuwa kwenye njia ya kisimani walipopita. Gauni lake lilikuwa limelowa busaa na damu, na nzi walikuwa wakimfuata.

Mkono ulipona kwa kupinda. Vidole vilijikunja, havikunyooka tena, na tangu hapo hakuweza kushika jembe.

Mtu huyohuyo nyumbani kwake alikuwa mwingine. Mke wake, Berita, alikuwa mfupi, mwenye sauti nzito kama ya mhubiri, na alikuwa rafiki yangu. Siku moja nilimkuta akimchapa Askari kwa mwiko kwa sababu amechelewa kuleta kuni. Askari alisimama ameinamisha kichwa, sare yote mwilini, akisema, "Basi, Berita. Basi, mama." Berita alipougua malaria, ni yeye aliyesonga obusuma, ugali wetu, akaosha watoto, akateka maji na kuyabeba kichwani kama wanawake. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Nilimwuliza Berita kama mume wake amewahi kumpiga. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyu? Huyu ananiogopanga kuliko Mzungu!" Kisha kicheko kikamwisha. "Mama Lukalo, mimi simjui yule anayeendanga kazini asubuhi. Namjua yule anayerudi."

Alikuwa na fahali wa kupigana, mweusi, mwenye pembe moja iliyovunjika ncha. Asubuhi za mapigano alimtoa kwa kupuliza filimbi, huku akimnong'oneza sikioni kwa Kiluhya. Fahali akirudi ametobolewa shingo, Askari alimwosha vidonda kwa maji ya chumvi, naye yule mnyama alimwekea kidevu begani. Wanaume ambao hawakumsalimu Askari njiani walimwimba fahali wake uwanjani hadi sauti zikawakauka.

Bendera ilipobadilishwa, watu walianza na fahali. Asubuhi moja Askari alimkuta zizini amekatwa kano za miguu ya nyuma kwa panga, anajikokota kwa miguu ya mbele, anajaribu kusimama. Sisi majirani tulikuja tukasimama kwenye ua. Askari alikaa kwenye kinyesi akamshika pembe kwa muda mrefu. Kisha akaomba kisu kirefu cha mchinjaji. Hakuna aliyekwenda kukileta, ingawa mchinjaji mwenyewe alikuwa pale amekunja mikono. Basi akatumia panga lake butu. Ilichukua muda. Alikuwa akipiga huku akilia kwa sauti, na kila alipopiga alimwomba yule fahali radhi. Ile nyama hakuna aliyeigusa.

Baada ya hapo aliambiwa kazi yake imekwisha. Akaenda sokoni kwa mara ya kwanza akiwa amevaa koti la raia, kununua chumvi. Mtu mmoja alipaza sauti, "Huyu si yule?" na soko lote likageuka. Walimshika mbele ya meza ya chumvi. Walimpiga kwa miwa, kwa vigoda, kwa viatu, kwa mawe ya mizani. Mume wangu alikuwepo. Nilimwona akizunguka nje ya kundi akitafuta nafasi, akaipata, akampiga teke la mbavu, akarudi nyuma, akatafuta nafasi nyingine. Askari hakujitetea. Alijikunja kuficha kichwa, na walipomgeuza chali, meno yake yalikuwa yamebaki kwenye vumbi.

Walipoanza kuchoka, Muhonja alipita katikati yao. Hakuna aliyemwita. Kwapani alikuwa na jiwe la kusagia wimbi. Alipiga magoti karibu na Askari, akangoja mpaka macho ya yule mtu yafunguke na kumtambua. Kisha akaliinua jiwe kwa mkono wa kushoto, akalishusha juu ya goti la Askari. Sauti ile ilisikika hadi kwa wauza samaki. Watu wakatawanyika ghafla, kila mtu akakumbuka alichokuja kununua. Mimi na Berita tulimpakia kwenye mkokoteni wa mahindi tukampeleka nyumbani. Tangu hapo alitembea kwa mkongojo, mguu ukining'inia.

Sasa niseme habari ya ofisi, maana ndiyo iliyonifanya nimkumbuke kuliko wazee wengine wote niliowajua.

Mwaka wa pili wa uhuru, chifu mpya aliita baraza akatangaza kwamba ofisi ya ustawi wa jamii kule boma la Kakamega itawasaidia watu walioharibika viungo, wasioweza kujilisha. Wangepewa unga, blanketi na posho kidogo. Ila kila mmoja aende na shahidi asiye wa nyumba yake, mtu aliyeona kwa macho jinsi kiungo kilivyoharibika, akaeleze mbele ya karani. Siku ya kusikilizwa watu wa upande wetu ilikuwa wiki iliyofuata.

Nyumbani kwa Askari kulikuwa na njaa. Kijiji kizima hakikumwuzia wala kumwazima kitu, na wana wake wakubwa walikuwa wamehamia mashamba ya Lugari, hawakuleta hata salamu. Berita alizunguka kila boma akitafuta shahidi. Boma moja walimfungulia mbwa, akarudi na kisigino kilichochanika. Boma jingine mzee alivua shati, akamwonyesha mgongo, akavaa tena. Kwetu, mume wangu alimgeuzia sikio bovu.

"Sisikii," alisema. "Kamwulize mume wako kwa nini." Mimi nilikuwa nimeona goti likivunjwa, lakini sikuweza kusimama shahidi wa mtu aliyeliua sikio la mume wangu.

Ndipo Askari akasema atakwenda mwenyewe kwa Muhonja. Berita aliniomba niwasindikize, kwa kuogopa kwamba atauawa huko na asiwepo mtu wa kumbeba.

Tulimkuta Muhonja mbele ya moto akimenya mahindi kwa meno na mkono mmoja. Askari alisimama nje ya ua, akabisha hodi. Muhonja alimwona. Akachomoa kijinga cha moto, akamrushia. Kilimpiga kifuani, cheche zikaruka. Askari hakusogea. Kijinga cha pili kilimpasua juu ya jicho, damu ikamchuruzika hadi kidevuni.

"Nimekuja kukuomba," alisema.

"Basi piga goti. Si nilikuachia moja?"

"Mama, ofisini wanataka mtu aliyeona."

"Niliona."

"Najua. Nilikuona."

Muhonja alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Na mimi je? Huu mkono nani atausemea? Siku ile watu wote walikimbia. Aliyebaki ni wewe peke yako. Mimi pia nimetafuta shahidi, unafikiri sijatafuta? Shahidi wangu ni wewe, mbwa wewe."

Askari aliutazama ule mkono. Damu ilikuwa ikimwingia jichoni na hakuipangusa.

"Basi nitasema," akajibu.

"Utasema nini?"

"Kwamba mkono ulivunjika."

"Ulivunjika!" Muhonja aliinama kutafuta kijinga kingine. "Uliteleza kwenye tope, sindiyo? Sema nani!"

"Sema, wewe mwanamume!" Berita alinguruma nyuma yetu.

"Mimi," Askari alisema. "Mimi niliuvunja."

Muhonja alirudisha kijinga motoni. "Haya. Na mimi nitasema ya goti. Lakini wewe ndiye utaanza."

Walikuja kujitayarisha uani kwangu, kwa sababu mimi nilikuwa nimesoma shule ya misheni na nilijua makarani wanavyouliza. Niliketi kwenye kiti, nikawa karani. Askari alisimama wima kwa mguu mmoja, akaanza kutoa ripoti kama zamani: mshukiwa alipewa amri, mshukiwa akakaidi amri.

"Mshukiwa ni nani?" Muhonja alimkatiza. "Mimi nina jina."

Tukaanza upya. Nilimwuliza, "Ulimpiga vipi?" Sikufikiri. Lilikuwa swali tu ambalo karani angeweza kuliuliza. Askari naye hakufikiri. Mkongojo ulipanda juu, kiwiko kikakunjuka, kifundo kikageuka, na uso wake wote ukatulia kama zamani. Muhonja alijitupa chini akijifunika kichwa kwa ule mkono mbovu, na haja ndogo ikamtoka papo hapo mbele yetu.

Mume wangu alikuwa mlangoni. Maneno hakuyasikia, ila mkongojo aliuona. Alitoka na panga. Askari alijikunja na pigo likamkata begani badala ya shingoni. Berita alimrukia mume wangu akamng'ata mkono, akaning'inia nao kama mbwa, na wote watatu wakaanguka juu ya mtama wangu uliokuwa umeanikwa. Nilichukua ndoo ya maji ya ndama nikawamwagia. Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma. Mume wangu aliachia panga, akakaa chini, akanitazama kama aliyeamshwa.

Kisha Muhonja akainuka. Alikung'uta gauni lake lililolowa, akapangusa uso.

"Tuanze tena," alisema. "Safari hii aweke hilo gongo chini."

Tukaanza tena, bega la Askari likiwa limefungwa khanga yangu. Jioni hiyo aliyasema yote tangu mwanzo hadi mwisho, na Muhonja akayasema ya kwake, na hakuna aliyemkatiza mwenzake.

Siku ya kwenda, Berita alimpigia mume wake shati pasi ya makaa. Lakini Askari alipotoka nyumbani alikuwa ameweka juu yake koti la kazi, lile la vifungo vya shaba, ambalo hatukujua kama bado analo. Labda alidhani ofisi itamheshimu. Muhonja alikuwa tayari juu ya gari la ng'ombe, amevaa gauni la kanisani. Akaanza kushuka. Askari akaelewa. Alivifungua vifungo kimoja kimoja, akampa Berita koti, na Berita akalitupa shimoni mwa choo bila kumwuliza.

Njiani Berita alimshauri Muhonja aufunike mkono kwa shali mpaka atakapoitwa.

"Kanisani huuficha," Muhonja alijibu. "Leo hapana."

Ofisini palikuwa na mabenchi yaliyojaa watu wa Butere, wa Bukura, wa kila upande: viwete, vipofu, wazee waliokatwa vidole. Mlango wa karani ulikuwa wazi, kila neno likasikika nje. Karani alikuwa kijana mwenye tai, mpole. Alimwuliza Muhonja jina, kisha akamwambia shahidi aeleze.

Askari aliweka mkongojo sakafuni. "Mkono huu niliuvunja mimi," alisema. "Nilikuwa askari wa chifu. Mama huyu, Muhonja, aliuweka juu ya chungu cha busaa kukilinda. Nilimwambia autoe. Hakuutoa. Nikaupiga kwa rungu. Hakunitukana wala hakunigusa. Ningeweza kumwaga pombe bila kumpiga. Nilimpiga."

Yale maneno ya mwisho hatukuwa tumeyatayarisha.

Mabenchini watu walianza kunong'onezana. Karani aliandika, kisha akamgeukia Muhonja. "Na huyu, mama, ni nani aliyemharibu?"

"Mimi."

Kalamu ilisimama. "Unajua unachosema? Naweza kuita polisi."

"Waite. Na wakija, waulize siku yangu walikuwa wapi."

Karani aliwatazama kwa zamu. Akauliza kama mmoja wao anataka kumshtaki mwenzake. Muhonja alitikisa kichwa. Askari naye akatikisa. Basi akamwandikia Muhonja unga, blanketi na posho. Askari akaambiwa, kwa upole uleule, kwamba ana mke mwenye nguvu, ana shamba, ana wana wakubwa. Msaada ule ulikuwa wa asiye na mtu.

"Ndiyo, bwana," Askari alisema, akajaribu kubana visigino, akayumba.

Nje watu wa mabenchi walikuwa wanamngoja. Walianza na donge la udongo. Kisha mtu mwenye mkono mmoja akampokonya mkongojo, akampiga nao mgongoni, na alipoanguka wale wengine wakamfunika. Vipofu waliuliza yuko wapi, wakaelekezwa. Berita aliwavuta kwa nywele na kwa kola, akapigwa kiwiko mdomoni. Mimi nilimtazama Muhonja. Alikuwa amesimama na blanketi lake kifuani, anatazama. Nilingoja aseme neno lolote. Alikwenda kwenye gari, akapanda, akawachapa ng'ombe mijeledi, akawaelekeza moja kwa moja kwenye lile kundi mpaka watu wakalazimika kuruka pembeni.

"Mpandisheni," alituambia mimi na Berita. "Sina siku nzima."

Tulimlaza juu ya gunia la unga wa Muhonja. Damu yake iliingia katika gunia njia nzima, na Muhonja hakulalamika wala hakugeuka nyuma.

Watu hupenda kusikia kwamba walipatana. Hawakupatana. Muhonja hakumsalimu tena mpaka yeye mwenyewe alipokufa, tukamzika. Ila ukoo wake ulipomkataza Askari kuingia mazishini, watoto wake Muhonja waliokuwa wamesoma walisema aachwe apite, na akapita, akasimama nyuma kabisa, akaondoka kabla ya chakula.

Mara ya mwisho kumwona ni miaka mingi baadaye. Mume wangu alikuwa amekufa, Berita pia. Nilikuwa nimekwenda zahanati kwa ajili ya shinikizo la damu, nikamkuta Askari kwenye benchi la nje, amekonda, macho yote mawili yamefunikwa na utando mweupe. Nilimwamkia. Alielekeza uso upande wa sauti yangu.

"Nilikupiga?" aliuliza.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Unasemaje, mzee?"

"Wewe. Nilikupiga?"

"Hapana. Mimi hukunipiga. Ulimpiga mume wangu."

"Yuko hapa?"

"Tulimzika."

Aliinamisha kichwa, akangoja kidogo. Kisha akapapasa benchi kwa kiganja, akajisogeza hadi akamgusa mtu aliyeketi upande wa pili, mzee mwenye kofia mapajani ambaye mimi sikumfahamu.

"Na wewe, ndugu yangu, nilikupiga?"

Yule mzee alinitazama mimi, akamtazama yeye. Nilifikiri atainuka aondoke, au amtemee mate.

"Ndiyo," alisema.

"Wapi?"

"Mgongoni. Huku chini."

"Bado panauma?"

Mzee alifikiri kwanza, kama mtu aliyeulizwa na daktari.

"Mvua ikinyesha," alijibu.

Askari aliitikia kwa kichwa taratibu. Mwuguzi alitokea mlangoni akaita anayefuata, akaita tena, na hakuna kati yao aliyesimama.